Uliza Ami: MCA aongezewe miaka, mwenye kuamua ni nani?

Mwezi huu maswali ya mirathi na mashamba nimeyaweka kando kwanza, manake barua na meseji nyingi zilizoingia ni za jambo moja, muda wa viongozi wetu wa kaunti, gavana na MCA (yule mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti), ubaki miaka 5 ama uongezwe ufike 7, na kama ni kuongezwa nani mwenye haki ya kusema ndio. Zilizofanana nimezichanganya, majina nimeyatoa, mtaa nimeuacha.

SWALI: Shikamoo Ami. Mimi nauza viazi karai na bajia hapa Mtongwe. Juzi tuliitwa baraza, mheshimiwa wetu wa wadi akasimama akasema miaka mitano haitoshi, wa kwanza unaisha akijifunza kazi na wa mwisho unaisha kwa kampeini, akipewa saba ndo tutaona maendeleo. Watu wakampigia makofi. Mimi roho haikutulia lakini sikuwa na la kumjibu. Ni kweli mitano ni kidogo?
Mama wa viazi, Likoni

AMI: Marahaba mwanangu. Wacha nianze kwa kumpa haki yake, alilosema lina ukweli ndani na ntakuonyesha ni wapi. Mwaka wa pesa wa kaunti unaanza 1 Julai unaisha 30 Juni, na uchaguzi wetu ni Jumanne ya pili ya Agosti. Yaani kiongozi mpya akiapishwa bajeti ishapitishwa na wale waliotoka na ishaanza kutumika, yeye anaikuta tu. Sisi Mombasa 2022 ilizidi hapo, karatasi za kura za ugavana zilikuwa na makosa, kura ya gavana peke yake ikasogezwa kutoka tarehe 9 Agosti mpaka tarehe 29, kwa hivyo gavana aliapishwa Septemba na hesabu ya 2022/23 ilikuwa ishapigwa kitambo. Anaweza kuleta bajeti ya nyongeza, sawa, lakini bajeti ambayo ni yake kutoka juu mpaka chini ni ile ya Julai inayofuata. Hapo kuna ule mpango wa kaunti wa miaka mitano, CIDP wanauita, wa sasa ni wa 2023 mpaka 2027, nao lazima uandikwe, wananchi waitwe, bunge la kaunti liupitishe. Pesa za kutoka Nairobi nazo zinachelewa kila mwaka, alafu tenda zitangazwe, alafu mtu aende kortini kuipinga tenda. Ukiyatoa yote hayo na ule mwaka wa mwisho wa kuzunguka na spika, kazi yenyewe imebaki na muda mfupi kweli.

Lakini sikiza vizuri mwanangu, hiyo yote nilokwambia ni hoja ya gavana. Si hoja ya MCA. Kazi ya MCA kisheria ni kutunga sheria za kaunti, kuipitisha bajeti, kuiangalia serikali ya gavana inatumiaje pesa, na kuwa sauti ya wadi yake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamkataza kuingiza mkono kwenye kazi za utendaji, iwe waziwazi ama kwa mlango wa nyuma. Hajengi barabara, hachimbi mfereji, hatoi tenda. Sasa mtu ambaye kazi yake ni kuuliza maswali na kupiga kura bungeni anahitaji miaka saba ya nini? Swali linaulizwa asubuhi na jibu linaweza kuja wiki hiyo hiyo.

Kuna nasari moja naipita mara nyingi, siitaji wadi. Kuta zimefika kwenye linta zikaachwa hapo, vyuma vya nguzo vimesimama juu vimeota kutu, ndani mmemea majani mpaka kifuani na mlangoni pamekuwa pa kutupa taka, na watoto waliokuwa wasome pale wengine washafika darasa la tatu. Nilipouliza niliambiwa kontrakta hakulipwa akaondoa watu wake. Hiyo haikukosa muda, ilikosa mtu wa kusimama bungeni akauliza ile pesa iliyoandikwa kwenye bajeti ilienda wapi, na huyo mtu wa kuuliza ndo MCA. Ungempa saba ungekuwa na ukuta wa kutu wa miaka saba.

Alafu kuna hili watu wanasahau. Gavana Katiba inamfunga, kifungu cha 180, vipindi viwili basi, gavana wetu Joho alimaliza vyake 2022 akaondoka. MCA hana kikomo. Akifanya kazi mtamrudisha mara ya pili, ya tatu, ya tano, Katiba haimzuii. Miaka zaidi tayari anaweza kuipata, anachotakiwa ni kuja kuiomba kwenu. Kwa hivyo siku nyingine akisimama barazani muulize kwa adabu kabisa, mheshimiwa, tangu tukuchague umepeleka hoja gani bungeni, na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu juu ya kaunti yetu mara ya mwisho uliisoma lini. Usiseme zaidi, kaa chini umsikize.

SWALI: Ami, hii stori ya miaka saba si ilikufa 2024? Mbona watu bado wanaiongea?
Dereva wa tuktuk, Tudor

AMI: Ilikufa ndugu yangu, na walioiua ni nyinyi. Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka Seneti mswada wa kubadilisha Katiba ili rais, magavana, maseneta, wabunge na MCA wote watoke miaka 5 waende 7. Oktoba 2024 wananchi wakaambiwa watoe maoni, na maoni yaliingia kwa malaki, karibu yote ya kukataa, vijana wakitumiana anwani ya barua pepe ya Seneti kwenye simu usiku kucha. Kamati ya sheria ya Seneti ikayasoma na ikapendekeza mswada utupwe.

Kwa nini unaongewa bado? Sababu ni kwamba mswada ukitupwa haujakatazwa milele, bunge lijalo mwengine anaweza kuja nao umevaa nguo mpya, labda safari hii bila rais ndani yake, wa magavana na MCA peke yao, na huo ndo ninaouogopa zaidi kwa sababu ntakazoeleza kwenye jibu linalofuata. Na si jambo geni nchi hii. 1966 Seneti ya kwanza ilivunjwa na kuunganishwa na bunge la chini, na katika mabadiliko hayo hayo wabunge wakasogezewa muda wao mbele, ndipo nchi iliyopiga kura Mei 1963 haikupiga tena kura ya kuchagua bunge zima mpaka Desemba 1969. Mwananchi hakuulizwa hata neno. Wazee wa hapa wanaokumbuka wapo bado, waulizeni.

SWALI: Assalam aleikum Ami. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Mikindani. Wanafunzi waliniuliza kama wabunge wanaweza kuongeza muda wa MCA wenyewe bila kura ya maoni, nikawajibu haiwezekani, lakini baadae nikaisoma Katiba na sina uhakika tena. Naomba ufafanue.
Mwalimu

AMI: Waaleikum salaam mwalimu. Umefanya vizuri kurudi kuisoma, na hapo uliposita ndo penyewe.

Kifungu cha 255 kina orodha ya mambo ambayo hayabadilishwi mpaka wananchi wapige kura ya maoni. Ndani ya orodha kuna mamlaka ya wananchi, sheria ya haki, uhuru wa mahakama, kazi za Bunge, mipaka ya nchi, na muda wa rais umetajwa kwa jina. Muda wa gavana haukutajwa. Muda wa MCA haukutajwa. Kilichotajwa ni malengo, kanuni na muundo wa serikali za ugatuzi, na hapo ndo mawakili watakapovutana, mmoja atasema muda wa bunge la kaunti ni sehemu ya muundo wa ugatuzi, mwengine atasema muundo ni ngazi na vyombo, muda ni kitu chengine. Yule wa pili akishinda basi njia ni kifungu cha 256, mswada unasomwa mara ya kwanza, zinapita siku 90, unasomwa mara ya pili, thuluthi mbili ya wabunge wote na thuluthi mbili ya maseneta wakikubali, rais anatia sahihi, imekwisha. Wewe na mimi tutasikia kwa redio.

Ndo maana nasema mswada wenye rais ndani yake sio wa kuogopa sana, huo lazima uje kwetu. Wa kuogopa ni ule mdogo.

Mimi si hakimu, lakini msimamo wangu ni huu na siuachi. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya, wanayatumia wenyewe ama kupitia wale waliowachagua. Tulipowachagua 2022 tuliwapa miaka mitano, kifungu cha 177 kinasema bunge la kaunti linachaguliwa kwa muda wa miaka mitano. Ukipewa nyumba kwa miaka mitano huwezi kukaa na ndugu zako mkaandika saba kwenye mkataba alafu ukamtumia mwenye nyumba nakala. Kwa hivyo hata kama kuna wakili mwenye ulimi wa kuuondoa muda wa MCA kwenye ile orodha ya 255, penye shaka jambo linarudi kwa mwenyewe.

Na likirudi kwetu, hesabu yake iko hivi. Kura ya maoni inapita wengi wa waliopiga wakisema ndio, na pia lazima angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wapige kura katika angalau nusu ya kaunti 47. Kuna na njia ya kifungu cha 257, ya wananchi wenyewe kuanzisha, sahihi milioni moja za wapiga kura, IEBC, tume ya uchaguzi, wazihakiki, mabunge ya kaunti yapige kura ndani ya miezi mitatu, yakikubali mengi ndo Bunge. BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, ilipita njia hiyo ikafika mbali sana, Mei 2021 Mahakama Kuu ikaisimamisha, Agosti Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo, na 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema rais hawezi kuanzisha mpango ambao Katiba imewaachia wananchi. Wafundishe wanafunzi hukumu hiyo mwalimu, ni yao zaidi kuliko yetu. Na wewe na mimi tushapiga kura za maoni mara mbili, Novemba 2005 ile ya ndizi (ndio) na chungwa (hapana) tukakataa, Agosti 2010 tukakubali, kwa hivyo asituambie mtu kuwa mwananchi wa kawaida hawezi kuelewa swali la Katiba.

SWALI: Ami nchi za nje wanafanyaje? Kuna mahali wapiga kura wenyewe waliulizwa na wakakubali kuongeza?
Mwanafunzi wa chuo, Kongowea

AMI: Wapo, na nimefurahi umeuliza manake watu wanafikiri mwananchi akiulizwa lazima akatae. Sio.

Mji wa Houston, Marekani, meya na madiwani walikuwa wanachaguliwa kila miaka miwili, mwisho vipindi vitatu. Novemba 2015 wapiga kura wa mji wakaulizwa na wakakubali iwe miaka minne, vipindi viwili. San Antonio, jimbo hilo hilo la Texas, nao Novemba 2024 wakakubali kutoka miaka miwili kwenda minne. Na ukiangalia wana sababu, miaka miwili kweli ni mifupi, mtu anaapishwa leo kesho anachangisha pesa za kampeini. Angalia pia kuwa wao wameongeza wakafika minne, ambayo bado ni chini ya mitano yetu.

Lakini hiyo ya Houston ina funzo ndani. Baada ya kura watu walienda mahakamani wakisema swali lilivyoandikwa kwenye karatasi lilipoteza watu, lilitanguliza kuweka kikomo, kwa hivyo mtu anayetaka kuwabana viongozi anaweka alama ya ndio na kumbe amewaongezea muda. Sasa fikiria hapa kwetu, karatasi ya kura, foleni imefika nje ya geti la shule tangu saa kumi na mbili, jua la saa sita, mzee amesimama na kadi yake mkononi miwani ameisahau nyumbani, anaingia kibandani anakutana na swali la mistari minne lenye herufi ndogo. Swali la kuongeza muda likija lazima liwe la mstari mmoja, liseme ni miaka mingapi sasa na itakuwa mingapi, na liwe peke yake. Lisifungwe pamoja na mambo matamu kama kuongeza mgao wa kaunti, manake huo ndo ujanja mkubwa, unapewa tende na mwiba kwenye kifurushi kimoja alafu unaambiwa chagua chote ama uache chote.

New York nayo ilikuwa ni idadi ya vipindi, si urefu wake, lakini jambo ni lile lile. Wapiga kura 1993 waliamua viongozi wa mji wapewe vipindi viwili. 1996 wakaulizwa tena walegeze, wakakataa. Oktoba 2008 baraza la mji likapiga kura lenyewe, 29 kwa 22, likaongeza kipindi cha tatu bila kuwauliza wapiga kura wenyewe, na meya Michael Bloomberg akagombea mara ya tatu 2009 akashinda. Novemba 2010 wapiga kura wakarudisha viwili. Wananchi walisema neno moja mara tatu na katikati yake wachache wakalipindua kwa sababu lilikuwa linawagusa wao.

Na si lazima twende Marekani. Uganda hapa, Desemba 2017 wabunge walipitisha mabadiliko, wakajitoa miaka 5 wakajipa 7, wao na mabaraza ya serikali za mitaa pia, na walitaka ianze na wao wenyewe waliokuwa wamekaa. Julai 2018 Mahakama ya Katiba ikiketi Mbale ikaifuta hiyo ya miaka saba. Sehemu nyengine za ule mswada zilibaki lakini hiyo ilitoka. Na huko huko Uganda wenyeviti wa vijiji, LC1, walichaguliwa 2001 na uchaguzi mwengine haukufanyika mpaka Julai 2018. Hakuna mtu aliyewaongezea muda kwa kura ya mwananchi, uchaguzi uliahirishwa ukaahirishwa tena mpaka mtoto aliyezaliwa mwaka ule akakaribia umri wa kupiga kura. Muda wa kiongozi wa karibu kabisa na nyumba yako ndo unaochezewa kirahisi zaidi, kwa kuwa magazeti ya mji mkuu hayamwangalii.

Kwa hivyo mwanangu mimi sipingi wananchi kuamua hata kama wataamua kuongeza. Wakiamua nitanyamaza na nitafuata. Ninachokataa kwa nguvu zote ni nyongeza inayomgusa aliyeko kwenye kiti. Ikiongezwa ianze na wale watakaochaguliwa baadae, watu wakiwa wanajua wanachagua mtu wa miaka mingapi. Ukiona mswada wa kuongeza muda na kifungu cha kuanza kimeandikwa kianze mara moja, usiendelee kusoma hivyo vyengine.

SWALI: Je Mombasa peke yetu tunaweza kupiga kura ya kuongeza ama kupunguza muda wa MCA wetu?
Msomaji, Majengo

AMI: Hapana. Muda uko ndani ya Katiba na Katiba ni ya kaunti zote. Lakini watu wengi hawajui kuwa kifungu cha 90 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinaruhusu kura ya maoni ya kaunti yenyewe, kwa mambo kama sheria za kaunti ama mipango na uwekezaji unaowagusa wenyeji, ikiwa robo ya wapiga kura waliojiandikisha wa eneo hilo wametia sahihi. Siku wakitaka kuwajengea kitu msichokitaka, kumbukeni namba hiyo, 90.

SWALI: Ami nakuheshimu lakini hapa naona unapendelea upande mmoja. Mimi nina duka Bamburi, karibu na hoteli. Kila mwaka wa uchaguzi biashara inakufa, watalii hawaji, majirani wa bara wanapeleka watoto kwao, mimi mwenyewe nafunga wiki nzima. Afadhali hiyo hasara ije kila miaka saba kuliko mitano. Wewe hulioni hilo?
Mwenye duka, Kisauni

AMI: Naliona ndugu yangu, na barua yako ndo iliyonikalisha zaidi ya zote. Wewe si mwanasiasa, unaongea juu ya riziki na juu ya usalama. Nani hapa amesahau Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivyovamiwa na watu wakauawa, watu waliokuwa wanauza nyanya pamoja asubuhi jioni wakawa wanakimbiana, na ule msimu wa watalii na misimu iliyofuata ikaanguka. Hofu ya watu wa Pwani juu ya mwaka wa kura ina sababu na haifai mtu kuidharau.

Ila fikiria na hili. Kinachofanya kura iwe kali ni vile kushindwa kunavyouma. Mtu akijua akishindwa atakaa nje miaka saba, na wale waliomfuata watakaa miaka saba bila tenda, bila kazi ya kaunti, bila basari za watoto wao, je atagombea kwa upole zaidi ama kwa ukali zaidi? Pesa atakazomwaga zitapungua ama zitazidi? Mimi naona kiti kikiwa kirefu bei yake inapanda, na kikipanda bei wanaolipa ni wewe na duka lako. Utakuwa umepunguza idadi ya misimu ya hofu na kila msimu umeuongezea moto.

Kama unataka dawa mimi ningeitafuta upande mwengine. Siku moja tunapewa karatasi sita, rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, MCA. Joto lote ni la ile ya rais na linazichoma zote tano zilizobaki, kura ya ugavana wetu ya 2022 ilipobaki peke yake tarehe 29 Agosti mji ulitulia watu wakapiga wakarudi makazini. Waliojitokeza walikuwa wachache, hilo nalikubali na ni tatizo lake. Lakini kama ni kubadilisha Katiba basi tujadili kutenganisha kura za kaunti na ile ya rais, wadi ijadiliwe kama wadi, mtu wa Junda amuulize mgombea juu ya maji na mifereji ya Junda bila kuulizwa yeye ni wa kambi ya nani Nairobi. Hilo pia ni la kuamuliwa na wapiga kura, sio mimi wala seneta.

SWALI: Ami, wewe unasema tuwachunge. Kama MCA hafanyi kazi kabisa kweli tunaweza kumtoa kabla ya miaka mitano ama ni maneno ya vitabuni?
Bodaboda, Shika Adabu

AMI: Kwenye karatasi mnaweza, na mambo ya miaka saba yanaungana hapa hapa. Sheria ya 2012 inawapa wapiga kura wa wadi haki ya kumrudisha nyumbani MCA wao. Lakini haianzi mpaka ipite miezi 24 tangu uchaguzi, na haiwezekani tena ikibaki miezi 12 kufika uchaguzi mkuu unaofuata. Kwa kipindi cha miaka mitano mnabakiwa na dirisha la miaka miwili tu. Ndani ya dirisha hilo mnatakiwa sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura wote waliojiandikisha kwenye wadi, majina na namba za vitambulisho, alafu IEBC. Na IEBC yenyewe kutoka Januari 2023 mpaka Julai 2025 haikuwa na mwenyekiti wala makamishna, sasa hata mngekusanya zote mngempelekea nani? Kwa wabunge ni mbaya zaidi, kifungu cha 104 kinatoa haki hiyo, lakini 2017 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vya sheria vilivyokuwa vinaiongoza na Bunge halijaleta vyengine, IEBC walisema hivyo hivyo 2025 watu walipoanza kupeleka maombi. Tangu 2010 hakuna mbunge hata mmoja aliyewahi kurudishwa na wapiga kura wake.

Ndo maana ukiniuliza kwa nini mimi binafsi ningepiga kura ya hapana, sababu yangu kubwa ni hii. Mtu anayeomba miaka zaidi angeanza kwa kuifungua hii milango, apunguze hizo sahihi, alete sheria ya kuwarudisha wabunge iliyo safi. Sijasikia hata mmoja wao akilisema hilo kwenye pumzi moja na kuomba miaka saba.

Na kwa kuwa wengi mmeuliza mtafanya nini mswada ukirudi, utatangazwa kwenye gazeti na kwenye tovuti ya Bunge na siku za kutoa maoni zinakuwa chache, wakati mwengine wiki mbili. Maoni hayahitaji wakili wala Kiingereza. Andika jina lako, wadi yako, jina la mswada, kifungu unachokitaka ama usichokitaka, na sababu yako kwa maneno yako mwenyewe, hata mistari mitano inatosha, usinakili ya mwenzako neno kwa neno. Ukituma kwa barua pepe weka ushahidi wa kutuma. Ukipeleka kwa mkono, peleka nakala mbili, moja waipige muhuri wa kupokea uondoke nayo.